Maneno “Directly Proportional To” Yatumiwe kwa Haki Yake

Katika taarifa za majaribio ya fizikia ziandikwazo shuleni, maneno ya Kiingereza “directly proportional to” yamekuwa kama chumvi: hutiwa katika kila chungu. Mwanafunzi aonapo vipimo viwili vikipanda pamoja, mara huandika kwamba kimoja ni “directly proportional to” kingine, na mwalimu hutia alama ya vema akapita.

Maana ya maneno hayo ni moja tu. Kipimo cha kwanza kikiwa maradufu, cha pili nacho huwa maradufu. Kikiwa sifuri, nacho huwa sifuri.

Ichukuliwe springi yenye urefu wa sentimita 10. Ikitundikwa gramu 100 huwa sentimita 12. Ikitundikwa gramu 200 huwa 14. Uzito umekuwa maradufu, lakini 14 si maradufu ya 12. Basi anayeandika kwamba urefu wa springi ni “directly proportional to” uzito amekosea, hata kama grafu yake imenyooka kama uzi, kwa kuwa mstari huo haupiti kwenye sifuri. Kinachowiana na uzito ni nyongeza ya urefu, sentimita 2 kisha 4, kama alivyoeleza Robert Hooke mwaka 1678. Na hata hilo lina mpaka, maana springi iliyovutwa kupita kiasi hairudi. Kuandika “extension” badala ya “length” ndiko kunakotenga kanuni na kosa.

Vivyo hivyo, gesi iliyopashwa moto kutoka nyuzi 10 hadi 20 za Selsiasi, kanieneo isipobadilika, haiwi maradufu. Huongezeka kwa asilimia 3.5 hivi, kwani uwiano wake umo katika kipimo cha Kelvin.

Wako watakaosema kwamba huu ni ubishi wa sarufi, na kwamba mtoto anayesoma sayansi kwa lugha ya kigeni ahurumiwe. Huruma hiyo haimfai. Dereva anayedhani kwamba gari lendalo kilometa 80 kwa saa lahitaji maradufu tu ya nafasi ya kusimamia kuliko liendalo 40, atajuta barabarani: tangu breki zikamate, masafa huwa mara nne.

Mwanafunzi aliyeona tu kwamba vyote viwili vinapanda na aandike “increases with”. Ni maneno manyenyekevu, lakini ni ya kweli, nayo yastahili alama kamili.