Kaburi la Vigae na Tuta Lililobomoka

Wako watu waaminio kwamba wazazi waliofariki hukumbukwa kwa saruji. Ufikapo mwezi wa Desemba, jamaa hutoka Nairobi na Mombasa, hupanda vilima vya Kalama katika Machakos, hupangusa vumbi juu ya vigae vya kaburi, husali, huchinja mbuzi, hupiga picha, na kabla ya jua kuchwa huwa wamekwisha kushuka. Mimi nami nimo katika kundi hilo; lakini nasema wazi kuwa kumbukumbu ya namna hiyo ni pungufu.

Mwaka jana nilikwenda na ndugu zangu na watoto wetu. Kaburi la baba na mama liling'aa. Hatua ishirini chini yake, tuta ambalo mama alilichimba pamoja na wanawake wenziwe wa mwethya, yaani chama chao cha kusaidiana kazi, lilikuwa limepasuka, na maji ya mvua za vuli yamechimba korongo la kumficha mtoto wa miaka sita. Hakuna aliyelitazama. Mimi nililiona kwa sababu nilitumbukia ndani yake.

Tuta lile si kitu kidogo. Mwaka 1937 Colin Maher, mtaalamu wa udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika kwamba Machakos ilikuwa ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia, kama wachukiavyo watu kila kazi ya shuruti. Baadaye waliyachimba kwa hiari yao, kwa namna iitwayo fanya juu: udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, ukingo ukapandwa nyasi, na mteremko mwaka baada ya mwaka ukalala kama ngazi. Kufikia mwaka 1990 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Kazi hiyo ilifanywa na mikono ya watu kama mama yangu, na majembe.

Kaka yangu hunijibu kuwa shamba halilipi. Nakubali, mahindi ya Kalama hayashindani na mshahara wa mjini. Lakini tulisema twaja kwa ajili ya wazazi, hatukusema twaja kwa ajili ya faida. Ikiwa faida ndiyo mizani, kaburi nalo limetulipa nini? Fedha za vigae zingalitosha kuwalipa vibarua wa kuzibua mitaro yote.

Nanyi wanafunzi mtakaopelekwa kijijini kwa babu zenu likizo hii, mkikwisha kuonyeshwa kaburi, ombeni kuonyeshwa na shamba. Ulizeni nani alichimba mtaro huu, na kwa nini maji sasa yapita hapa. Huenda wakubwa wakanyamaza.

Desemba hii nimewaagiza watoto wetu waje na majembe. Kaka amesema atakuja na mpiga picha.