Jua ni Halali; Je, na Mkataba?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, hapa Kimali msimu wa pamba unapomalizika, fedha humfuata mkulima, na wenye maneno matamu huzifuata fedha. Siku hizi wanatuambia: nunueni hisa za makampuni ya umeme wa jua, nishati hii ni safi, basi na faida yake ni safi.

Hoja hiyo inachanganya uzuri wa kitu na uhalali wa mkataba. Mtama ni halali, lakini ukikopesha debe moja kwa sharti la kurudishiwa debe na nusu, umekula riba, na mtama ni ule ule.

Hatuzikatai hisa, asili yake ni ushirika wa faida na hasara. Wala hatukatai kuuza paneli kwa mafungu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1990, liliruhusu bei ya mkopo izidi ya taslimu, likakataza nyongeza mdaiwa anapochelewa. Lakini mwaka 1992 Baraza hilo hilo lilisema kuwa asili ni haramu kushiriki katika kampuni ambayo, ingawa shughuli yake ni halali, wakati mwingine huingia katika riba. Viwango vya AAOIFI ya Bahrain vimelegeza, mradi mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Hata waliolegeza, basi, wanadai hesabu. Wakala anayezunguka vijijini anayo?

Tazameni yanayotendeka. Mwaka 2023, nchini Kenya, Sun King ilipata dola milioni 130 kwa kutegemea mafungu ambayo wateja wake walikuwa bado hawajalipa. Deni la taa ya mnyonge likawa bidhaa ya wenye mitaji. Na Mobisol ya Ujerumani, iliyouza mitambo yake hapa Tanzania, ilifilisika mwaka 2019, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Jua halikupungua mwanga. Kampuni ndiyo iliyoanguka.

Basi kabla ya kuuza ng'ombe ununue hisa, uliza matatu: Kampuni imekopa kwa riba kiasi gani? Mteja akichelewa hutozwa nyongeza? Madeni ya wateja huuzwa? Asiyejibu kwa maandishi asipewe hata shilingi.

Na mlango wa halali u wazi. Watu kumi wa msikiti mmoja wachange, wanunue paneli na pampu, wauze maji. Faida wagawane kwa makubaliano, hasara kwa kadiri ya mitaji yao. Huo ndio uwekezaji ambao mwenye mali anauona kwa macho yake, na kesho mbele ya Mola wake ataweza kuutolea hesabu.

Wabillahi tawfiq.