KAZI ZA MIKONO: Mchagua Jembe na Mshona Ngozi

Wazee walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli, maana yuko mtu ambaye mvua humkuta angali akizunguka madukani akilinganisha mipini, hali jirani yake amekwisha kupanda. Walakini methali hiyo ina upande wa pili ambao wengi huusahau. Mkulima hodari hachagui majembe kumi. Huchagua moja, na akisha kulichagua huujua uzito wake, hulinoa, wala haliachi nje usiku linyeshewe. Katika kazi ya ngozi mambo ni yale yale, na pengine yazidi, kwa kuwa kosa la jembe hufukiwa na udongo, lakini kosa la kisu juu ya ngozi halifukiki.

Butali, katika barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, ni nchi ya miwa. Tangu kiwanda cha sukari cha hapo kilipoanza kusaga mwaka wa 2011, matrekta yenye mizigo ya miwa yamekuwa jambo la kila siku, na panga limezidi kuwa chombo cha lazima. Basi mtu apendaye kujifunza kushona ngozi wakati wa jioni, akisha toka ofisini au shambani, hana haja ya kwenda mbali kutafuta kitu cha kushona. Mkanda wa suruali, mkoba wa kutilia karatasi, na zaidi ya vyote ala ya panga, hivyo vyamtosha mwaka mzima wa kujifunza.

Na ala ya panga ndiyo inayoonyesha wazi hasara ya vyombo vibaya. Mfano ni karani mmoja anayenunua sanduku lenye vyombo vingi vidogo vinavyong'aa, kwa bei nafuu. Siku ya kwanza kisu chake chakata. Siku ya pili chaanza kuburura. Siku ya tatu ukingo wa ngozi waonekana kama ulioguguniwa na panya. Msharasi wake wapinda, naye aamua kutoboa kwa msumari. Uzi ni ule ule wa kushonea nguo. Ala ikisha, yapendeza ikiwa imetundikwa ukutani. Lakini apewe mkata miwa aitumie, na baada ya muda si mrefu makali ya panga yatakuwa yamekula uzi, na ncha itachungulia ubavuni, karibu na paja la mtu aliyepanda pikipiki katika barabara yenye mashimo. Hapo si habari ya urembo tena.

Chombo cha kwanza, basi, ni kisu, na juu ya kisu ndipo yafaa fedha nyingi zaidi zitumike. Kisu cha ngozi hakihitaji urefu. Bapa la kiasi cha kidole latosha, mradi liwe jembamba na gumu, na mpini wake ujae vizuri kiganjani. Mafundi wa jua kali hufua visu vizuri kwa springi za magari makuukuu, maana chuma cha springi ni chuma cha pua, kiwezacho kufanywa kigumu kwa moto na mafuta. Mnunuzi anayo njia rahisi ya kukipima. Kwa ruhusa ya muuzaji, apitishe tupa kidogo kwenye makali karibu na mpini. Tupa ikila chuma kwa wepesi kama ilavyo msumari, chuma hicho ni laini wala makali yake hayatadumu. Ikiteleza, au ikiuma kwa shida, kisu kimepata ugumu wake.

Lakini kisu bora kisichonolewa ni sawa na kisu kibaya. Kinoo kiloweshwe maji, bapa lilazwe juu yake, na mgongo wa kisu uinuliwe kidogo tu, kiasi cha digrii 15 hadi 20. Tena pembe hiyo isibadilike tangu mwanzo hata mwisho. Upande mmoja unolewe mpaka kidole kihisi, upande wa pili, ukingo mwembamba unaokwaruza. Hapo ndipo kisu kigeuzwe. Kikisha nolewa pande zote mbili, kipanguswe juu ya kipande cha ngozi kilichogandishwa kwenye ubao, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kwa maana makali yakitangulia yatakata ngozi ile. Kupangusa huku kurudiwe mara kwa mara katikati ya kazi, bila kungoja kisu kiwe butu. Wengine hupeleka kisu kwenye jiwe la umeme lizungukalo, wakaona cheche wakafurahi. Lakini chuma kikipata moto hata kikageuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwenda, na kuunoa upya hakuurudishi.

Yuko mtu anayeogopa kisu kikali kwa kuwa kitamkata. Ukweli ni kinyume. Kisu kikali hupita kwa mkono mwepesi na kufuata mstari; kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ikiteleza huishia katika mkono wa kushoto. Tena kisu kiongozwe na rula ya chuma, maana rula ya mti huchongwa na kisu, na mstari ukapinda. Ngozi iwekwe juu ya ubao, wala si juu ya sakafu ya simiti, ambayo huua makali kwa pigo moja.

Chombo cha pili ni msharasi, yaani kile chuma chembamba chenye mpini cha kutobolea ngozi. Wengi hujitengenezea kwa waya wa gurudumu la baiskeli, na jambo hilo si baya. Kosa ni kuuacha uwe mviringo. Msharasi mwema una pande nne, kama umbo la almasi lililobanwa. Hufanya mwanya mwembamba ulioinama kidogo, na mwanya huo hujifumba ukaushika uzi. Msharasi wa mviringo huacha tundu lililo wazi, na uzi hucheza ndani yake. Basi waya wa baiskeli utiwe tupa pande nne, ulainishwe kwa msasa, upanguswe kama kisu, kisha utiwe katika mpini wa mti mgumu kama vile mpera. Gharama yake ni ndogo, nao utatoboa vizuri kuliko msumari wowote.

Ili mashimo yapangike sawasawa, haifai kukisia kwa macho. Katika mkebe wa hesabu wa mtoto wa shule mna bikari yenye ncha mbili. Ncha hizo zipanuliwe kiasi cha milimita 4, kisha zitembezwe juu ya mstari wa mshono kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Kila alama iachwayo ni mahali pa tundu moja. Ala iliyopimwa hivyo hujulikana kwa mbali kuwa ni kazi ya mtu mwenye subira.

Baada ya hayo huja sindano na uzi. Sindano ziwe mbili, tena ziwe butu, kwa kuwa tundu limekwisha kutobolewa na msharasi, na sindano yenye ncha kali huchoma uzi uliokwisha kupita. Uzi wa kitani au wa nailoni wafaa. Uzi wa nguo haufai. Ukatwe mara nne ya urefu wa mshono, kisha uvutwe mara kadhaa juu ya donge la nta ya nyuki, upate kushikana na usiingiwe upesi na maji. Sindano moja ifungwe kila mwisho wa uzi, na zote mbili zipite katika kila tundu, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto. Faida ya mshono huu ni kubwa. Mshono wa cherehani hufanywa kwa nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika, mwenzake hulegea na mshono ukafumuka. Mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, mishono mingine hubaki imeshika. Ndiyo sababu watengenezaji wa matandiko ya farasi wameutumia kwa miaka mingi, nao hujua kwamba mshono ukiachia, mpanda farasi yumo hatarini.

Kwa mkanda wahitajiwa pia kitoboleo, yaani kibomba kidogo chenye makali mwishoni. Msumari husukuma ngozi kando na kuipasua, na tundu la mkanda likavutika mpaka likawa kama jicho la usingizi. Kitoboleo huondoa kisahani cha ngozi kizima na kuacha ukingo safi. Kipigwe kwa nyundo ya mti, kwa maana nyundo ya chuma hukiponda kichwa. Na chini ya ngozi uwekwe ubao.

Ngozi yenyewe nayo ichaguliwe kwa akili. Ile iliyotengenezwa kwa kemikali za kromi ni laini, na mara nyingi ikikatwa huonyesha rangi ya kijivu katikati. Hiyo yafaa mikoba na viatu vyepesi. Kwa ala na mikanda yafaa ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama mwati, mti wenye asili ya Australia uliolimwa sana Uasin Gishu, upande wa Eldoret, katika karne ya 20. Ngozi hiyo ni ya hudhurungi hata ndani. Ikiloweshwa hupokea umbo, na ikikauka hulishika. Mnunuzi aigeuze atazame upande wa nyama, maana mchunaji mwenye kisu kibaya huacha humo mikato ambayo haionekani kwa juu, nayo itapasuka siku ya kazi.

Sasa karani yule airudie ala yake kwa vyombo hivi vichache. Akate vipande viwili vya ngozi ya unene wa milimita 3, na ukanda mwembamba wa ngozi hiyo hiyo wa kutiwa katikati ya kingo zao, upande unaoelekea makali ya panga. Ukanda huo ndio ulinzi wa mshono, kwa kuwa makali yatakutana na ngozi kabla ya kuufikia uzi. Atoboe tabaka zote tatu kwa msharasi, ashone kwa sindano mbili, alainishe ukingo kwa msasa, kisha aulowe maji kidogo na kuusugua kwa kitambaa mpaka ung'ae. Ala hiyo haitamwonea haya mkata miwa yeyote wa Butali.

Jumla ya vyombo ni kisu na kinoo chake, rula, msharasi, bikari, sindano mbili, kitoboleo na nyundo ya mti. Vyote vyaenea katika mfuko mmoja wa kitambaa. Vinunuliwe kimoja kimoja, kila kinachohitajiwa kwa wakati wake, na kazi ikiisha vipanguswe, vitiwe mafuta kidogo, vihifadhiwe mahali pakavu mbali na watoto. Mtu afanyaye hivyo amechagua jembe lake, naye ni mkulima.