Njaa Mwana Malegeza: Vifaa vya Mtandao Navyo Hula

Ni desturi yetu wanafunzi, mtandao unapozorota, kumlaumu anayetuuzia intaneti. Katika hosteli moja hapa Ruiru, lawama hizo zilishamiri muhula uliopita. Vifaa vipya vya waifai vilitundikwa darini, taa zake zikawaka usiku kucha. Hata hivyo, waliotaka kutuma tasnifu kwa wasimamizi wao walilazimika kushuka hadi barabarani kutafuta mawimbi ya simu. Maoni yangu ni kwamba tulimlaumu asiyehusika.

Aghalabu kifaa cha waifai hakichomekwi ukutani. Hupokea data na umeme kwa kebo moja kutoka kwenye swichi. Kanuni ya kwanza ya kimataifa ya utaratibu huo, 802.3af, ilitolewa mwaka 2003. Iliruhusu wati 15.4 katika kila mlango wa swichi. Na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani, kifaa kilihakikishiwa wati 12.95 tu. Mwaka 2009 kiwango kilipanda hadi wati 30 mlangoni na 25.5 kwenye kifaa. Mwaka 2018 kikafika wati 90 mlangoni. Vifaa vingi vya kisasa huhitaji kiwango cha 2009 au zaidi. Vikilishwa kwa kile cha 2003, baadhi hukataa kuwaka. Vingine huwaka lakini hupunguza nguvu ya mawimbi au huzima baadhi ya redio zake. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa njaa mwana malegeza.

Aidha, kuna hesabu ya jumla. Swichi ya milango 24 yenye wati 370 hutosheleza milango yote kwa wati 15.4. Kila kifaa kikidai wati 30, hutosheleza milango 12 pekee. Anayenunua vifaa vipya na kubakiza swichi kuukuu ameongeza walaji bila kuongeza chakula.

Watasema swichi mpya ni ghali. Ni kweli, lakini ghali zaidi ni kununua vifaa vizuri visivyofanya kazi. Palipo na vifaa vichache, kidude cha kuongezea umeme kwenye kebo chaweza kufaa kwa gharama ndogo, mradi pawe na soketi karibu.

Huenda msomaji akauliza, jarida la Kiswahili lina haja gani na wati? Jibu nililipata kwa fundi aliyeitwa hatimaye. Alimweleza mlezi wa hosteli kwa istilahi za kigeni, naye mzee akaitikia tu kwa adabu. Fundi alipotamka, "Mzee, hivi vina njaa," mzee akauliza papo hapo, "Basi vinakula kiasi gani?" Hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa kabla ya fedha kutolewa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, maji ya Mto Ruiru yalizalisha umeme uliotumiwa Nairobi. Mji wenye historia hiyo haustahili kushindwa na wati chache darini. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuuliza, kwa lugha inayoeleweka na mlipaji: kifaa kinahitaji wati ngapi, mlango unatoa ngapi, na swichi nzima ina ngapi?