Haya na hofu
Kisiwani Pemba kijana mwenye haya husifiwa: mtoto huyu ana adabu. Ndiyo maana hofu ya kukutana na watu hujificha vizuri ndani ya sifa hiyo. Namjua mmoja wa Chake Chake; akiona barazani kumejaa huzunguka nyuma ya nyumba, viganja vimelowa jasho, ili asipite kutoa salamu. Harusini haendi, hitimani haendi. Kutafuta tiba nako si rahisi: hospitali ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, iko Unguja, ng'ambo ya bahari, na jina lake peke yake linamtisha mtu. Lakini kijana huyu simu anayo. Huko Uswidi, Gerhard Andersson na wenzake walionesha tangu 2006 kwamba masomo ya kujisaidia kwa intaneti, mshauri akikuandikia majibu, hupunguza hofu hii: unaandika unachokiogopa, kisha unakiendea kidogo kidogo, leo salamu dukani, wiki ijayo barazani. Nayataka masomo hayo kwa Kiswahili, tena yaandikwe na watu wanaojua hitima ni kitu gani, na wanaojua jinsi ilivyo vigumu kwa kijana huyu kumwambia babake, "Baba, mimi naogopa watu."