Nauli Nafuu ya Ndege: Kilichopungua Hulipwa na Nani?

Kila baridi inapokaza kule Ulaya, katika miezi ya Desemba na Januari, familia nyingi huketi pamoja kutafuta jambo moja: tiketi ya ndege iliyo nafuu ya kwenda mahali penye jua, mchanga na minazi. Siku hizi mahali hapo mara nyingi ni Zanzibar. Sisi wa Kibaha na Kisarawe twaweza kudhani kwamba habari hiyo haituhusu. Safari ya wengi wetu ni ile ya daladala kutoka Maili Moja hadi Mbezi, na ndege twaziona tu zikishuka juu ya vilima vya Pugu kuelekea Kiwanja cha Julius Nyerere. Lakini vijana wa jumuiya zetu ndio wanaokwenda kutandika vitanda vya wageni hao, na bahari wanayoifuata wageni ni ile ile inayopiga pwani ya mkoa wetu, huko Bagamoyo na Mafia. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: nauli inapopungua, kile kilichopungua hulipwa na nani?

Hatuandiki ili kuwalaumu wageni. Kupumzika ni haki ya kila afanyaye kazi. Mfanyakazi wa kiwandani wa Poland au Italia, aliyejinyima mwaka mzima ili awaone watoto wake wakicheza baharini, hana kosa kwa kutafuta bei ya chini. Nasi tungefanya vivyo hivyo. Tena Kibaha ni mji unaojua thamani ya mgeni. Mwaka 1963 ulianza hapa mradi wa nchi za Nordiki, nao ukatuachia shule, hospitali ya Tumbi na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Wageni wale walivuka bahari wakaacha kitu. Ndiyo maana twaweza kuuliza bila chuki: mgeni wa leo, ajaye kwa siku saba, anaacha nini, na anachukua nini pasipo kujua?

Kwa maoni yetu, unafuu wa nauli uko wa namna mbili, na ni kosa kuuchanganya.

Namna ya kwanza ni unafuu wa halali. Gharama ya kurusha ndege haizidi sana ikiwa imejaa watu kuliko ikiwa nusu tupu. Marubani ni wale wale, na mafuta yanayoongezeka ni kiasi kidogo. Kwa hiyo kampuni ya utalii ikikodi ndege nzima na kuijaza, kila abiria hulipa kidogo. Vivyo hivyo anayesafiri wakati wa masika, Aprili na Mei, hupata bei ya chini kwa sababu viti na vyumba vingekaa bure. Na mashirika yakishindana, msafiri hufaidika. Twakumbuka Novemba 2012, fastjet ilipoanza safari za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu waliozoea kukaa ndani ya basi kutwa nzima walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Safari hizo zilisimama Desemba 2018, lakini zilionyesha kwamba bei ya chini yaweza kumfungulia mlango mtu wa kawaida. Unafuu wa namna hiyo haumdhulumu mtu, nasi twautakia heri.

Namna ya pili ni unafuu wa kuhamisha mzigo. Hapa gharama haikupungua hata kidogo. Imeondolewa tu kwenye tiketi na kutwikwa mabegani mwa mtu mwingine. Tutaje mifano minne.

Kwanza ni mafuta. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu cha 24, ulisamehe ushuru wa mafuta yaliyomo ndani ya ndege ya kimataifa inapowasili katika nchi nyingine. Baadaye mapatano baina ya nchi na nchi yaliupanua msamaha huo hadi kwa mafuta yanayojazwa kiwanjani. Ni kweli kwamba mashirika hulipa ada za kutua na abiria hutozwa ada za kiwanja. Lakini tulinganishe. Mama anayepeleka mihogo yake kutoka Kisarawe hadi sokoni hupanda gari ambalo dizeli yake imebeba ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara, na tozo hiyo imo ndani ya nauli anayotoa. Mtalii anayevuka mabara mawili hachangii kitu cha namna hiyo katika mafuta ya ndege yake. Je, ni haki aliye na kidogo alipie barabara yake, na aliye na kingi asamehewe anga?

Pili ni ardhi. Ndege nyingi zahitaji viwanja vikubwa. Jengo la tatu la abiria la Kiwanja cha Julius Nyerere lilizinduliwa Agosti 2019, nasi tulifurahi pamoja na Watanzania wote. Lakini wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walifanyiwa tathmini ya mali zao kwa ajili ya upanuzi wa kiwanja tangu mwaka 1997, nao walisubiri fidia kwa miaka zaidi ya kumi, na wengine zaidi ya hapo. Mtu aliyeambiwa kwamba ataondoka haezeki upya nyumba yake, hapandi mwembe, wala hakopesheki. Baadhi walipewa viwanja pande za Pugu, wakawa majirani zetu. Miaka yao ya kungoja haikuandikwa katika tiketi ya mtu yeyote.

Tatu ni kazi. Mgeni wa tiketi nafuu mara nyingi amelipia kila kitu huko huko kwao: ndege, chumba, chakula na vinywaji. Hoteli hupokea kile kilichobakizwa na kampuni ya kule, nayo ikibanwa humbana aliye chini yake. Katika mikutano ya jumuiya zetu tumesikia habari ambayo sasa imekuwa ya kawaida. Kijana huvuka na boti mwezi Juni akiwa na matumaini, huajiriwa kwa maneno ya mdomo, hufanya kazi siku nyingi bila mapumziko, na masika yanapoingia huambiwa arudi kwao mpaka aitwe. Mmoja alirudi Mlandizi mwezi Aprili akiwa na begi lake na deni la nauli. Alipoulizwa kuhusu mkataba, alijibu kwamba hakujua kama wahudumu huwa na mikataba.

Nne ni bahari yenyewe. Safari moja ya kwenda na kurudi kati ya Ulaya na Zanzibar hutoa, kwa kila abiria, zaidi ya tani moja ya hewa ya kaboni. Mtanzania wa wastani, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe yote anayotumia, hafikii hata nusu ya tani kwa mwaka mzima. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa, ingawa Hifadhi ya Bahari ilikuwa imeanzishwa huko mwaka 1995 ili kuyalinda. Hifadhi yaweza kumzuia mvuvi wa baruti, lakini haiwezi kulizuia joto. Tumbawe likifa, samaki hukosa makao, na mvuvi wa Mafia hulipa deni ambalo hakulikopa.

Tunajua jibu tutakalopewa: mkiwazuia wageni mtakufa njaa. Jibu hilo si la kupuuzwa. Anga lilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hoteli zilifungwa na vijana wetu walirudi nyumbani mikono mitupu. Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, mamia ya watalii wa nchi hiyo walikwama Zanzibar, na soko lililokuwa likitegemewa likakatika kwa siku moja. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, ilhali wakazi wake, kwa sensa ya mwaka 2022, hawafiki milioni mbili. Riziki ya watu wengi imo humo. Kwa hiyo hatusemi wageni wasije. Twasema kwamba kazi inayoweza kukatika kwa siku moja yastahili mkataba ulio imara zaidi, wala si dhaifu zaidi. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kulipia bima ya dola 44, ili akiugua au akipatwa na ajali asiteseke ugenini. Ni jambo jema. Ikiwa imewezekana kumkatia bima anayelala kitandani kwa siku saba, yashindikanaje kumlinda anayekitandika mwaka mzima?

Basi yatupasa kufanya nini?

Kwa vijana na wazazi wao: msivuke kwa maneno ya mdomo. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Kijana wa Kibaha anayeajiriwa Nungwi au Paje hulindwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005, wala si ile ya Bara ya mwaka 2004, na akiba yake ya uzeeni huwekwa katika mfuko wa ZSSF, si NSSF. Aulize mambo manne kabla ya kuanza: mkataba wa maandishi, siku za mapumziko, michango ya mfuko, na malipo yake wakati wa masika. Madai yake ayapeleke kwa maofisa wa kazi wa huko huko Zanzibar, mapema, kabla hajapanda boti ya kurudi.

Kwa wale miongoni mwetu wanaosafiri, kwani wapo wanaokwenda hija, masomoni, au kuwatembelea watoto wao ughaibuni: tafuteni unafuu ule wa halali. Safirini nje ya msimu, nunueni mapema, lipeni kwa pamoja mkiwa kundi. Msidanganywe na bei ya kwanza. Ulizeni kama mzigo na ada zote zimo ndani yake. Mkinunua tiketi mbili tofauti kwa safari moja, mjue kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili huenda ikapotea bila fidia. Na mkimpa wakala fedha, daini risiti na namba ya tiketi, kisha namba hiyo ihakikishwe kwa shirika lenyewe la ndege siku ile ile.

Kwa wenye mamlaka tuna maombi matatu. Fidia ilipwe kabla ya tathmini kuzeeka, kwa maana bei ya bati ya mwaka wa tathmini haijengi nyumba miaka kumi baadaye. Nchi zetu ziungane kudai kwamba mafuta ya ndege za kimataifa yachangie kama yanavyochangia ya daladala. Nchi moja ikijaribu peke yake, ndege zitajaza mafuta kwa jirani. Na anga la Afrika lifunguliwe kwa Waafrika. Serikali za bara hili zilikubaliana hivyo Yamoussoukro mwaka 1999, na mwaka 2018 zikazindua soko moja la usafiri wa anga huko Addis Ababa. Hata hivyo, mtu wa Dar es Salaam anayetaka kwenda Afrika Magharibi bado aweza kutozwa zaidi ya mtu wa Ulaya anayekuja pwani kwetu. Unafuu unaomwendea mgeni tu na kumkwepa mwenyeji haujakamilika.

Na kwa mgeni, ikiwa maneno haya yatamfikia kwa kinywa cha kijana anayemhudumia: karibu sana. Kaa siku nyingi zaidi katika safari moja badala ya kuja mara nyingi kwa siku chache. Toka nje ya ukuta wa hoteli ule nanasi la Kiwangwa na samaki wa mvuvi. Kabla ya kulipa huko kwenu, uliza wahudumu wa hoteli hiyo wana mikataba ya namna gani. Swali hilo likiulizwa na wateja mia moja litasikika kuliko makala yetu hii.

Wazee walisema rahisi inavunja upishi. Walikuwa wakimwonya mnunuzi, kwamba kitu cha bei ya chini humharibia mwenyewe. Katika jambo hili anayekula ni mmoja na anayeharibikiwa ni mwingine, naye hakuwapo bei ilipopatanwa. Kazi ya haki ni kumweka naye mezani.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Ni vijana wangapi wa jumuiya yetu wanafanya kazi katika hoteli, na ni wangapi kati yao wana mkataba wa maandishi?

2. Je, wamo miongoni mwetu waliohamishwa kwa ajili ya upanuzi wa kiwanja au barabara? Walilipwa lini, nasi tuliwapokeaje?

3. Sisi wenyewe tunapofurahia bei ya chini, iwe ya nauli, ya mkaa au ya kazi za nyumbani, ni nani anayelipa kilichopungua?