Paka Mgonjwa na Dawa ya Majaribio

Wako wasemao kuwa kumwuguza paka mwaka mzima ni kutupa pesa. Siafikiani nao. Sote tulifundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na paka mgonjwa naye hawezi kujitafutia.

Lakini liko zito zaidi, nalo ni dawa ambayo ingali yajaribiwa. Kuna maradhi yatokanayo na virusi vya korona vya paka (si ile korona iliyotufungia misikiti mwaka 2020), ambayo aghalabu humjaza mnyama maji tumboni. Zamani karibu kila aliyeshikwa alikufa. Mwaka 2019, Dakta Niels Pedersen na wenziwe wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza matokeo ya dawa iitwayo GS-441524. Walitibu paka 31 waliougua wenyewe majumbani, kwa sindano kila siku, wiki 12 au zaidi. Watano hawakufika mbali; 26 walimaliza.

Jaribio hilo naliunga mkono. Lile lililotangazwa 2018, ambamo paka waliambukizwa makusudi ili watibiwe, moyo wangu unalikataa, ingawa ndilo lililoifungulia njia hili la pili. Hapo ndipo penye taabu.

Paka hana ulimi wa kukubali. Basi mwenye paka, kabla ya kutia sahihi, na amwulize daktari wa wanyama: Huyu atapewa dawa au maji matupu? Akizidiwa, nitaruhusiwa kumtoa?